Kutoka Kakuma Mpaka Nairobi kwa Lori la Mbuzi

Habari za Nairobi zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na wako wasomaji wengi wanaoujua mji huo kuliko nitakavyoujua mimi maisha yangu yote. Lakini aghalabu walioandika ni watu waliozaliwa karibu nao, au waliofika huko wangali watoto. Mimi nimeuona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, karani wa serikali ya kaunti, mwenye mke na watoto watatu, tena nikifuatana na mzee asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Kwa hiyo naomba nafasi nisimulie.

Kwetu Turkana mtu akisafiri kusini kupita Kainuk, watu humwuliza, "Unakwenda Kenya?" Hawasemi hivyo kwa ukaidi. Ni mazoea ya tangu enzi ya Waingereza, wakati nchi yetu ilipokuwa imefungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila ya kibali. Vibali viliondoka zamani, lakini neno likabaki midomoni. Basi Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti 2025, mimi nami nikaulizwa swali hilo na kila jirani aliyenipita, nikajibu, "Naam, nakwenda Kenya."

Sababu ya safari yangu ilikuwa herufi moja. Msomaji asiye Mturkana hana budi kuelezwa kwanza. Majina yetu mengi ya kiume huanza na E, na ya kike huanza na A. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Ekiru, na wa kike huitwa Akiru. Mimi ni Ekiru. Lakini cheti changu cha shule ya sekondari, nilichokipata kwa mtihani wa mwaka 2008 katika shule ya misheni, kiliandikwa Akiru. Kwa mtu wa Nyeri au wa Kisii hilo ni kosa dogo la uandishi. Kwetu ni kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke. Miaka mingi nilikificha cheti hicho sandukuni, nikikitoa pale tu nilipolazimika, na waliokipokea, kwa kuwa wengi hawakuwa wenyeji, hawakuona kitu. Ndipo ukaja ukaguzi wa vyeti vya wafanyakazi, ikatakiwa jina la cheti na la kitambulisho yalingane herufi kwa herufi. Nikapewa muda mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo mshahara ungesimamishwa.

Nilikwisha kuiandikia ofisi inayohusika huko Nairobi mara tatu kwa njia ya mtandao. Mara zote nilijibiwa kwa adabu ya kwamba yanipasa kufika mwenyewe, na vyeti vyangu mkononi.

Ikatokea kwamba siku zile zile baba yangu mdogo, ambaye kwa heshima namwita Apa kama tunavyowaita wazee wote, alikuwa amekata shauri kupeleka mbuzi Nairobi yeye mwenyewe. Kila mwaka aliwauzia wachuuzi katika soko la Kakuma, na kila mwaka alisikia ya kwamba mbuzi wale wale huuzwa Nairobi kwa bei iliyozidi sana. "Nataka kumwona huyo mtu anayetoa fedha hizo," alisema. Yeye na wenzake watatu wakakusanya mbuzi 110, wakakodi lori la mtu wa Kitale. Walihitaji mtu wa kuandika hesabu na kufasiri maneno. Mimi nilihitaji safari isiyo na nauli. Tukapatana.

Hapa nataka kusema neno juu ya Kakuma, maana wengine watadhani nilitoka porini nisijue mji ni kitu gani. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma mwaka 1992, wakati mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Nimekua nikiona watu wa Sudan, Ethiopia, Somalia, Kongo, Burundi na Rwanda wakija kwa malori, wakijenga, wakifungua maduka. Kiswahili cha kitabuni nilifundishwa na walimu wa misheni, lakini cha kuzungumza bila ya kuogopa nilikipata kwa Wakongo, katika kinyozi chao. Mkate wa Wahabeshi nilikula kabla sijaonja githeri ya Wakikuyu. Kwa hiyo nilijiambia moyoni kwamba Nairobi haitanishangaza.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mzee alikuwa na fimbo yake, blanketi, tumbako katika kifuko, na ekicholong, yaani kile kigoda kidogo cha mti ambacho wazee wetu hukalia mchana na kulalia kichwa usiku. Dereva alimwangalia akapanda nacho, akacheka, akasema, "Mzee, viti viko ndani." Mzee alinitaka nimweleze kwamba kiti cha lori ni cha lori.

Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni kiasi cha kilomita 120. Zamani mwendo huo ulimaliza siku nzima, na mwili ukauma siku mbili. Miaka ya themanini Wanorwe walisaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, nayo ilisifiwa sana. Lakini mwaka 1990 serikali yetu na ya Norwe zikakosana, wakaondoka, na lami ikaachiwa jua na mafuriko mpaka ikawa mbaya kuliko njia ya udongo, maana madereva waliikimbia wakapita porini kandokando yake. Katika miaka hii kumi iliyopita imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaendelezwa kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Tulifika Lodwar kabla ya adhuhuri. Mzee hakufurahi sana. Alisema mbuzi hawapendi mwendo wa haraka, nami nadhani alisema habari zake mwenyewe.

Lodwar tulilala, kwa sababu dereva alikuwa na kazi ya matairi. Jioni mzee alinichukua kwa miguu mpaka kwenye nyumba aliyokaa Jomo Kenyatta. Wasomaji wanakumbuka ya kwamba Kenyatta, baada ya kifungo chake cha Lokitaung kumalizika mwaka 1959, aliwekwa Lodwar mpaka mwaka 1961, kisha akapelekwa Maralal, na mwezi wa Agosti mwaka huo akawa huru. Nyumba ingali imesimama. Mzee asema alipokuwa mvulana mdogo alimwona mtu yule, mwenye ndevu, akitembea jioni na fimbo. Sijui kama kweli alimwona, au ameyasikia mara nyingi mpaka yamekuwa macho yake. Lakini alinionyesha kwa fimbo mahali hasa alipokuwa amesimama yeye na mbuzi wa baba yake. Akaniambia kwamba anataka mambo mawili huko Nairobi: kumwona mnunuzi wa mbuzi, na kuona alipozikwa mfungwa wa Lodwar.

Siku ya pili tukavuka daraja la mto Turkwel saa kumi na moja alfajiri. Mto ule ndio roho ya Lodwar. Maji yake hutoka mbali sana, katika mlima Elgon, na sisi tulikuwa tukiyafuata yanakotoka. Mikoma ilikuwa imesimama kandokando yake kama askari. Baada ya hapo ni nchi kavu, migunga na mawe, mpaka Lokichar, mahali palipotangazwa mwaka 2012 ya kwamba mafuta ya petroli yamepatikana. Katika mwaka 2018 watu walisimama barabarani kuangalia malori yakichukua mafuta hayo kwenda Mombasa. Dereva wetu aliniuliza yameleta nini. Nilimwonyesha hoteli mbili na nyumba moja ya kulala wageni iliyofungwa. Yeye akasema, "Mafuta ya kwenu ni kama mbuzi wa kwenu, faida iko Kenya." Sikumfasiria mzee maneno hayo.

Karibu na Kainuk, nyaya nene za umeme hupita juu ya milima. Umeme huo hutoka katika bwawa la Turkwel, lililoanza kuutoa mwaka 1991, nao huelekea kusini. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya viliishi miaka mingi kwa taa za chemni. Kutoka Kainuk hadi Marich ndipo wasafiri walipoviziwa kwa muda mrefu na wezi wa mifugo, mpaka magari yakawa yakienda kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma. Mwezi wa Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi katika sehemu hizo. Siku yetu kulikuwa na vizuizi vya polisi, tukaulizwa tunakokwenda, tukapita salama. Lakini niliona kwamba mzee, ambaye alizungumza tangu Lodwar bila ya kupumzika, alinyamaza kimya kwa saa nzima, mkono wake juu ya fimbo.

Hata tulipoingia katika bonde la Marich, hewa ikabadilika. Milima ilitukaribia kutoka pande zote, mto ukawa unanguruma chini, na Wapokot walikuwa wakiuza asali katika chupa kando ya njia. Kwenye miteremko bado zilionekana alama za Novemba 2019, wakati mvua ilipoporomosha udongo wa milima hiyo usiku, ikaua watu wengi na kuchukua madaraja, hata Turkana ikakatika na nchi nyingine kwa siku kadha wa kadha. Lori lilipanda polepole. Masikio yangu yakaziba. Tulipotokea juu, karibu na Kapenguria, mzee alitazama majani mabichi yaliyofunika kila mahali, akageuka kulia, akageuka kushoto, akauliza, "Majani yote haya, na mbuzi wako wapi?"

Kapenguria ndipo Kenyatta na wenzake watano, yaani Kaggia, Kung'u Karumba, Kubai, Ngei na Achieng' Oneko, walipohukumiwa tarehe 8 Aprili 1953, kabla ya kupelekwa kwetu jangwani. Nilimweleza mzee ya kuwa sisi sasa tunakwenda kule walikotolewa. Akasema, "Sisi hatukuwaita," akataka kujua kama tutasimama kwa chai.

Kuanzia hapo mpaka Kitale ni mahindi. Ndugu wakulima wa Trans Nzoia wanisamehe nikieleza kitu wanachokiona kila siku, lakini mimi sikuwahi kufikiri ya kwamba mahindi yaweza kuwa marefu kuliko mtu na kuendelea mpaka macho yachoke. Sisi twayajua mahindi yaliyo katika magunia ya msaada. Nimekula mahindi ya sehemu hizi tangu utotoni bila ya kujua shamba lake, na nilisikia haya kidogo, kama mtu aliyekutana na mfadhili wake asijue jina lake. Mzee yeye alihesabu mambo kwa njia nyingine. Aliuliza shamba moja lina mmea mangapi na mwenyewe ana ng'ombe wangapi. Dereva alipojibu kwamba pengine mwenyewe ana ng'ombe wawili wa maziwa, mzee akamhurumia mtu huyo.

Tulipita Eldoret usiku, nayo ni jiji tangu Agosti 2024, yenye taa nyingi kuliko nilivyodhani. Kisha tukapanda Timboroa. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na baridi yake siwezi kuieleza kwa mtu wa Kakuma akanisadiki. Nilikuwa nimevaa koti la kazini. Mzee alijifunika blanketi lake na gunia juu yake, akawa anamwita Akuj kwa sauti ndogo. Nyuma yetu mbuzi walikuwa wakilia, kisha wakanyamaza, na unyamavu wao ukatutia hofu zaidi. Dereva akasimamisha lori, tukapanda kuangalia kwa tochi. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja wa mzee na mmoja wa jirani yake. Tuliwasimamisha waliolala, tukawapangua ili wasikanyagane. Ilipokwisha kazi hiyo vidole vyangu havikuweza kushika kalamu, na katika daftari langu la hesabu vifo viwili vile vimeandikwa kwa mwandiko wa mtoto.

Nakuru tulifika alfajiri, tukanywa chai. Juu ya Mai Mahiu tulipita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Nilipotazama nyuma nikaona Bonde la Ufa lote limelala chini katika ukungu. Nilijua kwa masomo ya jiografia ya kuwa bonde hilo ndilo linaloendelea mpaka ziwa letu. Lakini kujua kwa kitabu ni mbali na kuliona likiwa chini ya miguu yako.

Basi tukaingia Nairobi saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Turkana nzima ina watu 926,976, na jiji la Nairobi pekee 4,397,073. Nilizikariri tarakimu hizo mara nyingi kazini. Sasa nilizikuta zimesimama barabarani mbele yetu, kila moja ndani ya gari lake, zote zikipiga honi. Karibu na Westlands barabara ilipanda juu ya barabara nyingine kwa nguzo kubwa. Ndiyo ile njia ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Mzee alitazama magari yaliyo juu ya vichwa vyetu, akauliza kama chini hapakutosha.

Mbuzi walishushwa Kiamaiko, upande wa Huruma, ambako ndiko soko na machinjio ya mbuzi. Huko tulikuta wafanyabiashara wengi ni Waborana na Wasomali, na mzee, aliyekuwa ameshikilia maneno yote ya ukali kwa ajili ya mnunuzi wa Kenya, alikasirika alipoona anauziana na watu wa kaskazini kama yeye. Mabishano yalichukua saa nne. Kwa faida ya wafugaji wanaosoma, nitaeleza hesabu kama ilivyo katika daftari langu. Mbuzi ambaye Kakuma angeuzwa shilingi 5,000 tuliuza kwa wastani wa 7,400. Lakini ukitoa ukodi wa lori, ushuru wa njiani, malipo ya dalali, chakula, na wale wawili wa Timboroa, faida iliyobaki kwa kila mbuzi haikufika shilingi 900. Mzee alinitaka niisome hesabu hiyo mara tatu. Kisha akasema, "Kumbe mchuuzi wa Kakuma si mwizi sana."

Tulikaa kwa ndugu yetu mmoja anayefanya kazi ya ulinzi wa usiku, kama vijana wengi wa kwetu walioko Nairobi. Chumba chake kilikuwa cha mtu mmoja. Yeye alipokwenda kazini sisi tulilala, aliporudi sisi tukatoka. Siku hiyo hiyo nilikwenda ofisini na vyeti vyangu. Nilipewa nambari, nikangoja, nikaambiwa nipeleke kiapo kilichotiwa muhuri wa wakili, nilipe ada, nirudi Ijumaa. Sikulalamika. Mimi mwenyewe nimewaambia watu wengi dirishani pangu warudi Ijumaa.

Alhamisi ikawa siku yetu ya kuona mji. Mzee alitembea kama atembeavyo nyumbani, yaani akimsalimu kila mtu. Mpaka tufike Moi Avenue alikuwa amesalimu watu zaidi ya hamsini, na waliomjibu niliwahesabu: sita, mmoja wao akiwa kichaa. Alipochoka aliweka ekicholong chake chini, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ambaye aliuawa katika barabara hiyo tarehe 5 Julai 1969, akakaa, akatoa tumbako. Watu wakaanza kukusanyika. Kijana mmoja akataka kukinunua kigoda kwa shilingi elfu moja. Mzee alimwuliza kwa kinywa changu, "Nawe utalalia nini?" Mbele kidogo tulikuta vigoda kama hivyo vimepangwa vya kuuzwa kwa watalii, vimepakwa rangi ya kiatu ili vionekane vya zamani. Mzee alivigeuza kimoja kimoja, akasema hakuna hata kimoja kilichokaliwa.

Kaburi la Kenyatta liko kando ya Bunge, wala haliko wazi kwa kila mpita njia. Tuliliona kwa mbali, kupitia kwenye uzio, bendera zikipepea na askari wamesimama wima. Mzee alisimama kimya muda mrefu. Nilitazamia aseme neno kubwa. Alisema, "Hapa pana baridi. Lodwar alikuwa anatokwa jasho."

Mchana tulikwenda katika jumba la makumbusho, na hilo lilikuwa shauri langu, kwa sababu ya mtoto wa kwetu aliyeko huko. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Richard Leakey, aliona kipande cha mfupa wa kichwa katika kokoto. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia yote humwita Mvulana wa Turkana. Yumo katika chumba chake, nyuma ya kioo, amesimama. Nilimweleza mzee umri wake, naye akaona ni maneno ya karani. Lakini aliposikia Nariokotome alisogea karibu. Alimtazama miguu, akasema ana miguu ya mtu wa kutembea. Kisha akaniuliza nani alimpa ruhusa ya kuja Nairobi. Nikasema ni serikali. Akatoa tumbako akitaka kuiweka chini mbele ya kioo, kama tunavyofanya kwa wazee waliotangulia. Mlinzi akatuzuia, kwa upole, akasema si ruhusa kuweka kitu. Mzee akairudisha kifukoni, lakini tulipotoka nje niliona ameimwaga chini ya mti karibu na mlango.

Usiku ule aliniuliza swali ambalo nimelifikiri tangu siku hiyo. Alisema, "Kakuma wageni ni wengi, lakini wenyewe tupo, nao wanajua ni nani aliyewapokea. Hapa wote ni wageni. Mwenyeji ni nani?" Nilimwambia kwamba mahali hapa palikuwa malisho ya Wamasai, na jina la Nairobi ni lao, maana yake maji baridi, reli ilifika mwaka 1899, na mji ukaanza. Akauliza, "Na Wamasai wenyewe?" Nikasema tumewaona wawili leo, walikuwa walinzi. Naye ndugu yetu akachukua rungu lake akaenda kazini.

Ijumaa nilikuwa wa tatu mlangoni. Karani aliyenihudumia alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kujua kazi yake. Alichukua kiapo changu, akatazama kitambulisho, akaenda ndani. Aliporudi alikuwa na nakala ya orodha ya watahiniwa wa shule yetu ya mwaka 2008, kama ilivyotumwa na shule. Miaka kumi na sita nilikuwa nimemlaumu mchapaji asiyejulikana wa Nairobi, asiyejua tofauti ya E na A, asiyejali watu wa mbali. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kumwambia. Yule mwanamke akaigeuza karatasi, akaweka kidole penye jina langu, akauliza, "Mwandiko huu ni wa nani?"

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nikakumbuka yote mara moja. Mwalimu wetu aliniita ofisini kwake, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri kupita wote darasani, akanipa kalamu ya wino na orodha ya majina ninakili. Siku zile nilikuwa na maringo. Sikuandika E ya kawaida yenye meno matatu, bali ya mviringo, na mkia wake niliuzungusha mpaka ukafunga. Mtu yeyote angesoma a. Mimi nami leo ningesoma a. Kosa halikuwa la mchapaji, wala la Nairobi.

Nilimwambia, "Ni wangu." Hakucheka. Alisema tu kwamba yeye hukutana na mambo kama hayo. Lakini mimi nilikuwa natazama chini ya jina langu. Vijana wa darasa letu walikuwa 41, na majina yote nilikuwa nimeyaandika mimi, kwa mkia ule ule. Ekai. Ewoi. Ekuwam. Emuria. Nilimwuliza kama kuna wengine waliokuja kusahihishiwa. Akasema katika orodha hiyo kuna alama mbili za watu waliokuja miaka ya nyuma. Wawili. Nilihesabu majina yaliyoanza na E, nikapata kumi na tatu.

Nilipewa barua ya kuthibitisha kwamba sahihisho limekubaliwa, na cheti kipya kitafuata. Barua hiyo ilitosha kwa wakubwa wangu, na mshahara haukukatwa. Tulirudi kwa basi, mzee akiwa amenunua blanketi zito na sukari, na safari hii Timboroa ilimkuta amejitayarisha.

Lodwar nilimwacha mzee kituoni, nikamtafuta Ekai, tuliyekaa dawati moja. Nilijua anaendesha pikipiki ya abiria sokoni. Alipata alama nzuri kuliko zangu katika mtihani ule, na watu walikuwa wakishangaa kwa nini hakuendelea. Nilimkuta chini ya mti akingoja abiria. Nikamwuliza cheti chake kimeandikwaje. Alinitazama, akasema, "Akai. Nilikwenda nacho chuo cha ualimu, wakaniambia mwenye cheti ni mwanamke na mimi si yeye. Sikurudi tena. Nilidhani ni bahati yangu." Nikamweleza yote, habari za orodha, na mwandiko, na mkia wa E. Aliniangalia kwa muda nikadhani atanipiga. Kisha akacheka, akacheka sana mpaka wenzake wakageuka, halafu akaacha ghafula, akauliza nauli ya Nairobi ni kiasi gani.

Nikampa iliyobaki mfukoni, na nyingine nikaahidi mwisho wa mwezi. Akataka nimwandikie mambo ya kuchukua: kitambulisho, cheti, cheti cha kuzaliwa, kiapo chenye muhuri wa wakili, ada. Nikachana karatasi katika daftari la mbuzi, nikaandika juu ya tangi la pikipiki, polepole, kwa herufi kubwa za chapa, na jina lake nikalianza kwa E yenye meno matatu. Majina mengine kumi bado naendelea kuyatafuta. Mmoja nimesikia yuko Kalokol, anavua samaki.